Volti si kasi: namna ninavyopima mapigo ya mashine ya tatuu

Kwa miaka kadhaa kila aliyeniuliza natia mstari kwa kasi gani nilimjibu kwa volti. Nilisema "nane", naye akaondoka ameridhika, nami nikabaki nimeridhika, kwa sababu nambari hiyo ilikuwa mbele ya macho yetu kwenye kisanduku cha umeme na hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi. Leo nataka kuwaeleza wenzangu wanaochora tatuu hapa Bukavu, na kwingine kokote ambako Kiswahili kinasomwa, kwa nini jibu lile lilikuwa na kasoro, na namna ninavyopima sasa kasi ya mashine ya rotari bila kununua kifaa chochote cha bei kubwa.

Kasoro yenyewe niliijua kwa uchungu. Kiangazi kilichopita mashine yangu ya siku zote ilianza kulia kwenye beringi, nikaiweka kando na kuchukua nyingine niliyokuwa nimeinunua iwe ya akiba. Siku hiyo alikuja mama mmoja aliyetaka jina la marehemu mama yake liandikwe upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, kwa herufi nyembamba za mwandiko wa kuunganisha. Nikafunga katriji ya sindano tatu, yaani kifuko kidogo cha plastiki chenye sindano ndani yake, nikaweka volti 8 kama ilivyokuwa desturi yangu, nikaanza. Mstari ulitoka hafifu, na nilipofuta wino kwa karatasi niliona vitone vilivyopangana kama mishono ya cherehani. Nikapita mara ya pili. Vitone vipya havikuangukia katikati ya vile vya kwanza, bali vingine viligusa palepale palipokwisha kuchomwa na vingine vikaacha nafasi wazi, kwa hiyo nikapita mara ya tatu. Ngozi ikaanza kuinuka. Mama yule alivumilia kimya, na nilipomuuliza kama tupumzike alinijibu, "Endelea tu, mwanangu, mimi niko sawa." Aliporudi baada ya mwezi mmoja na nusu jina lilikuwa linasomeka vizuri, lakini herufi mbili zilikuwa zimeinuka kiasi kwamba ungeweza kuzifuata kwa kidole ukiwa umefumba macho. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na mimi bado ninaziona herufi zile kila ninapoketi kuandika jina la mtu.

Mkono wangu siku ile ulikuwa mkono ule ule, na sindano zilikuwa za aina ile ile. Kilichobadilika kilikuwa mashine, na nambari ya 8 ilinificha badiliko hilo.

Mashine ya rotari ni mota ndogo ya umeme wa moja kwa moja ambayo mhimili wake umefungwa kigurudumu chenye kipini kilichokaa nje kidogo ya kitovu. Kigurudumu kinapozunguka, kipini hicho hupanda na kushuka, na sindano hupanda na kushuka pamoja nacho. Mzunguko mmoja ni pigo moja, hakuna zaidi wala pungufu. Umbali ambao sindano husafiri kutoka juu hadi chini, ambao mimi nauita urefu wa pigo, ni mara mbili ya umbali wa kipini kutoka kitovuni, hivyo kipini kilichokaa milimita 1.75 kutoka kitovuni hutoa pigo la milimita 3.5. Si uvumbuzi mpya hata kidogo. Thomas Edison alipata hataza ya kalamu yake ya umeme mwaka 1876, kalamu iliyotoboa karatasi kwa sindano iliyoendeshwa na mota ndogo iliyounganishwa na betri, na mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipewa hataza ya mashine ya tatuu iliyojengwa juu ya wazo hilo hilo. Mashine za koili, zinazoendeshwa na sumaku ya umeme badala ya mota na ambazo wengi wetu tulizijua kwanza, zilikuja baadaye.

Sasa, volti ni nguvu ya kusukuma tu. Ukikanyaga mafuta kwa kiasi kimoja kwenye pikipiki na kwenye lori la Fuso, vyombo hivyo havitaondoka kwa mwendo mmoja, na mota nazo ziko hivyo hivyo, kwani kila moja ina waya wake wa kuzungushwa kwa idadi yake, sumaku zake na msuguano wake. Nilipokuja kupima mashine zangu mbili niligundua kwamba ile ya zamani hutoa mapigo 100 kwa sekunde kwenye volti 7.4, na ile ya akiba huhitaji volti 11.4 ili ifikie mapigo hayo hayo. Maana yake ni kwamba ile "nane" yangu ilikuwa mapigo kama 108 kwa sekunde kwenye mashine moja na kama 70 kwenye nyingine. Nilimwandikia yule mama kwa mashine iliyopungukiwa theluthi ya kasi yake, na mkono wangu haukuambiwa.

Neno "mkono" ndilo lililonifungua macho, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kasi ya mashine peke yake haina maana yoyote juu ya ngozi. Ngozi hupokea uwiano kati ya mapigo ya sindano na mwendo wa mkono unaoibeba. Mkono ukisafiri milimita 25 kwa sekunde na mashine ikapiga mara 100 kwa sekunde, kila tobo litakuwa robo ya milimita kutoka kwa jirani yake. Sindano nyingi tunazotumia zina unene wa milimita 0.30 au 0.35, kwa hiyo matobo ya robo milimita hugusana na jicho huona mstari. Punguza mapigo hadi 70 na mkono uuache ulivyo, matobo yatakaa milimita 0.36 kutoka moja hadi jingine, tayari yameanza kuachana. Na mota ile dhaifu, ikishakutana na ukinzani wa ngozi, hupungua zaidi. Hapo ndipo mishono ya cherehani inapotoka.

Kupima mwendo wa mkono ni kazi ya dakika tano. Chora kwenye karatasi mstari wa sentimita 10, shika mashine ikiwa imezimwa lakini na uzito wake wote pamoja na waya wake, kisha ufuate mstari huo kwa mwendo ule ule unaoutumia kwa mteja, huku mtu mwingine akihesabu muda kwenye simu. Rudia mara kumi. Wengi hushangaa kuona kwamba mara tatu za kwanza huenda polepole kwa sababu wanajua wanapimwa, na kwamba mkono halisi hujitokeza wanapoanza kuchoka na zoezi. Wangu huchukua sekunde 4, yaani milimita 25 kwa sekunde, na haujabadilika sana tangu nianze kuupima.

Kuna jambo jingine linalofanyika kwa wakati mfupi mno kuonekana, nalo ni muda ambao sindano iko ndani ya ngozi. Kwa pigo la milimita 3.5 na kina cha milimita moja na nusu, sindano hukaa ndani ya ngozi karibu nusu ya kila mzunguko. Mashine ikipiga mara 100 kwa sekunde, huko ni chini kidogo ya sehemu 5 za elfu za sekunde, na mkono wangu katika muda huo husogea kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kiasi ambacho ngozi hukivumilia kwa kunyumbuka. Lakini mashine ikipiga mara 60 na mkono ukakimbia milimita 40 kwa sekunde, sindano itakokotwa milimita 0.3 ikiwa bado imezama, yaani unene wake mzima. Mchoraji huisikia kwenye vidole kama kitu kinachonasa, na mteja huisikia kama mkwaruzo. Wanaosema mashine ya polepole ni laini kwa ngozi wanasahau hili: ni laini kwa mkono wa polepole tu.

Kasi iliyozidi nayo ina madhara yake. Kwa mkono usiobadilika, mapigo 150 kwa sekunde huchoma mahali pamoja mara nyingi kuliko inavyohitajika, ngozi ya juu huchanika, maji ya mwili hutoka na kuusukuma wino nje, na mchoraji anayeona rangi haishiki huongeza volti badala ya kuzipunguza. Urefu wa pigo unaingia hapa pia, kwa sababu sindano yenye safari ndefu inapaswa kwenda mbio zaidi ili imalize safari hiyo kwa muda ule ule. Ncha ya sindano ya pigo la milimita 3.5 kwa mapigo 100 hufikia mwendo wa mita 1.1 kwa sekunde katikati ya safari yake, na pigo la milimita 2.5 lingelazimika kufika mapigo 140 ili ligonge kwa ukali sawa. Ndiyo maana nambari ya rafiki mwenye mashine ya pigo fupi haikufai wewe mwenye pigo refu, hata kama mota zenu zingekuwa mapacha.

Basi nilijua kwamba ninataka mapigo 100 kwa mstari mwembamba, lakini sikuwa na njia ya kuyahesabu. Visanduku vya umeme vinavyoonyesha mapigo vipo, ila si vya uwezo wangu. Jibu lilikuja jioni moja kwenye chumba changu cha kazi kule Nyawera. Nilikuwa ninaijaribu mashine ya zamani baada ya kuibadilishia beringi, na kigurudumu chake kilikuwa na tone la rangi nyeupe, ile tunayofutia makosa ya kalamu, ambalo nililiweka ili kukumbuka upande wa kukaza skrubu. Binti anayejifunza kazi kwangu, ambaye huniita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Yaya, angalia, kigurudumu kimesimama."

Mota ilikuwa inanguruma na sindano ilikuwa inatetema, lakini tone jeupe lilikuwa limetulia mahali pamoja, limefifia kidogo kwenye kingo kama kitu kinachotazamwa kupitia maji. Nikapandisha volti kidogo sana, tone likaanza kutambaa kuelekea upande ambao kigurudumu kinazunguka. Nikashusha, likatambaa kinyume. Nikarudisha hadi likasimama tena, na kisanduku kilikuwa kinaonyesha 7.4.

Taa ndiyo iliyokuwa inahesabu. Umeme wetu wa nyumbani hubadilisha mwelekeo mara 50 kwa sekunde, na taa za mirija ya zamani pamoja na balbu nyingi za bei ndogo huwaka na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko huo, yaani mara 100 kwa sekunde, haraka mno kwa jicho kutambua. Kigurudumu kikizunguka mara 100 kwa sekunde, kila taa inapofikia kilele cha mwanga hulikuta tone mahali palepale, na jicho huliona limesimama. Wazee waliokuwa na santuri nzuri wanaijua mbinu hii, kwa kuwa baadhi ya mashine za santuri zilikuwa na vidoa kwenye ukingo wa sahani na taa ndogo pembeni kwa ajili ya kuhakikisha kasi.

Na tone moja husema zaidi ya kasi moja. Kwenye mapigo 50 utaona matone mawili yanayotazamana, kwa sababu mwanga hulikuta mara mbili katika kila mzunguko. Karibu na mapigo 67 yatatokea matatu, na kwenye 75 yatatokea manne yaliyojipanga kama pembe za mraba, yakitetemeka lakini yakihesabika. Ukianza na volti za chini na kupanda taratibu utayapita yote kwa mpangilio huo kabla ya kufika kwenye tone moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kuchanganya hatua moja na nyingine. Andika volti ya kila hatua kwenye daftari, na utakuwa na kipimo cha mashine yako nzima.

Nimeulizwa na wenzangu wawili jinsi ya kuuamini umeme wa mji huu kwa kazi ya kupima, nao wana haki ya kuuliza. Sote tunajua kinachotokea saa moja jioni mtaa mzima unapowasha majiko: balbu hufifia hadi kuwa na rangi ya chai. Lakini kinachoshuka hapo ni volti za ukutani, na idadi ya mizunguko kwa sekunde hubaki karibu na 50, kwa sababu idadi hiyo hushikwa na mitambo inayozunguka kwa pamoja kule mtoni, kwenye mabwawa ya Ruzizi, na mtambo wa Ruzizi II, ulioanza kazi mwaka 1989, hugawa umeme kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Hata ikiteleza hadi 49, kosa lako ni mapigo mawili katika mia, na mkono wa binadamu hauwezi kulitambua. Jenereta ya petroli ni habari nyingine. Mizunguko yake hupanda na kushuka kila jirani anapochomeka pasi, na taa inayowashwa nayo haifai kupimia chochote. Taa za sola zinazotumia betri moja kwa moja nazo hazifai, kwa kuwa aghalabu hazipepesi kwa hesabu hiyo. Kama huna uhakika na taa yako, ielekezee kamera ya simu kwa karibu: taa inayopepesa huonyesha michirizi myeusi inayopita kwenye kioo cha simu.

Kwa mashine zilizofunikwa kama kalamu, ambazo kigurudumu chake hakionekani, nilikwama kwa muda. Aliyenisaidia ni mteja, kijana anayepiga gitaa katika kwaya, ambaye nilikuwa namtia kivuli begani. Katikati ya kazi alisema, bila kugeuza kichwa, kwamba mashine yangu ilikuwa "juu kidogo ya mi". Nilizima nikamuuliza anamaanisha nini. Alinieleza kwamba uzi mnene wa gitaa, ule wa mi, ukiwa umekazwa sawasawa hutetema mara 82 kwa sekunde, na ule unaoufuata, wa la, hutetema mara 110. Tangu siku hiyo nina programu ya kukazia gitaa kwenye simu, ya bure, na ninaisogeza karibu na mashine. Kivuli changu cha kawaida kiko karibu kabisa na uzi wa mi. Mstari mwembamba uko kati ya nyuzi hizo mbili, karibu na sol ya chini, yenye mitetemo 98. Sauti ya mota ina mchanganyiko mwingi ndani yake, na programu wakati mwingine hudaka sauti ya juu iliyo mara mbili ya ile tunayoitafuta, kwa hiyo sikio lijue mapema liko wapi; lakini kwa mashine iliyokwisha kupimwa mara moja chini ya taa, gitaa hutosha kwa kazi ya kila siku, na wapigaji gitaa si watu wa kutafutwa kwa shida katika nchi hii.

Vipimo vyote hivi vifanyike mashine ikiwa imefungwa katriji, kwa sababu utando wa mpira ulio ndani ya katriji huvuta sindano juu kwa kila pigo na kuichosha mota. Nimepima tofauti kati ya katriji za aina mbili kwenye mashine ile ile, volti zile zile, nikaona tone jeupe lililokuwa limesimama likianza kukimbia kinyume mara tu nilipobadilisha. Mashine pia iachwe izunguke dakika tatu au nne kwanza, grisi ya beringi ipate joto, hasa asubuhi za mvua ambapo chumba ni baridi. Baada ya hapo inakuja ngozi yenyewe, ambayo hupunguza kasi zaidi. Mota yenye nguvu hupoteza kidogo sana, na mota dhaifu hupungua hadi unaisikia sauti ikizama kila sindano inapoingia. Mashine ambayo sauti yake huzama hivyo siitumii tena kwa mstari, hata nikiiongezea volti, kwa sababu nyongeza hiyo huifanya ikimbie ikiwa hewani na kuchoka ikiwa kazini.

Kabla ya kumgusa mtu, ninachora kwenye kipande cha ngozi ya nguruwe kutoka kwa muuza nyama, kilichooshwa na kunyolewa. Ninachora mistari sambamba kwa mkono usiobadilika, nikipanda kwa nusu volti, na kando ya kila mstari naandika nambari yake. Kisha nafuta, nanyoosha ngozi kwa vidole viwili na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Mistari ya chini huonekana kama shanga. Ile ya juu kabisa ina kingo zilizopasuka, kama karatasi iliyochanwa kwa mkono. Katikati kuna mitatu au minne ambayo kingo zake ni safi, na kati ya hiyo mimi huchagua ule wa chini kabisa, kwa sababu ngozi ya mtu aliye hai itavimba na ile ya nguruwe haitavimba. Maganda ya ndizi hutosha kwa kujifunza kushika mashine, lakini kwa kupima kasi hayasemi ukweli, kwani ni laini mno na hayanyumbuki.

Juu ya ngozi zetu kuna tahadhari ambayo mafunzo mengi ya kwenye intaneti hayaisemi, kwa kuwa yameandaliwa na watu wanaochora ngozi nyeupe. Yanasema: simama ngozi inapokuwa nyekundu. Ngozi nyeusi inaweza kuwa imeteseka vya kutosha bila kuonyesha wekundu wowote. Mimi hutazama mng'ao, kwa sababu ngozi iliyochoka hung'aa kama iliyopakwa mafuta hata baada ya kufutwa, kisha huipitishia mgongo wa kidole kilichovaa glavu kuona kama imeinuka na kupata joto. Na kwa kuwa watu wenye asili ya Afrika hupata kovu la kuinuka, keloidi, zaidi ya wengine, namuuliza kila mteja habari za makovu yake ya zamani, ya chanjo, ya kutoboa masikio, ya kuanguka utotoni, kabla ya kuwasha mashine. Mwenye historia hiyo namweleza hatari yake waziwazi, na mara kadhaa tumekubaliana kwamba asichorwe.

Kwa kivuli na kujaza rangi sitasema mengi. Kivuli cha vitone huhitaji matobo yaachane kwa makusudi, hivyo mapigo 75 hadi 85 na mkono mwepesi wa milimita 40 kwa sekunde hutoa nusu milimita kati ya tone na tone, na hiyo ndiyo hali ninayoitaka. Kujaza rangi kwa sindano pana nafanya kwa mapigo 85 hadi 95 na mkono wa mviringo usio na haraka. Hizi ni nambari za mikono yangu na pigo la milimita 3.5.

Mashine ya zamani imekaa mezani na kipande cha plasta ubavuni, na juu ya plasta nimeandika 7.4 kwa kalamu. Wiki iliyopita tulipima mkono wa binti. Sentimita 10 alizimaliza kwa sekunde tatu na nusu, mara saba kati ya kumi, mkono wa haraka na ulionyooka kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Tulipiga hesabu pamoja kwenye daftari: milimita 28 na ushei kwa sekunde, na ili matobo yake yakae karibu kama yangu anahitaji mapigo kama 110, uzi wa la. Kwenye mashine ile ile hiyo ni volti 8.1. Alichora mistari sita juu ya ngozi ya nguruwe kwa 7.4 yangu na sita kwa 8.1 yake, akaitazama kwa kioo muda mrefu, kisha akachukua kalamu na kuandika nambari yake kwenye plasta, chini ya yangu.